Skrini ya Kushoto

Brashi ya viatu ilipoanza tena kule varandani, Mama Gia aliondoa mguu kwenye pedali ya cherehani akatega sikio. Shwaa, shwaa, shwaa. Mumewe alikuwa anavipiga kiwi viatu vyake vya kazi kwa mara ya pili asubuhi hiyo. Mama alinyanyuka taratibu, akachungulia kwenye upenyo wa mlango. Kiatu cha kulia kiling'aa mpaka mtu angeweza kujitazama. Cha kushoto kilikuwa pale pale sakafuni, karibu na goti lake, kimejaa vumbi kama kilivyotoka uvunguni.

"Viatu vimekaa sawa?" aliuliza Mama Gia.

"Sawa kabisa. Jumatatu narudi barabarani mwanamume mzima."

Mama Gia alirudi kwenye cherehani. Hakushona. Alikaa akilitazama pazia la mteja lililomwagika mapajani mwake, akasubiri mumewe aende msalani, kisha akatoka kwa kunyata, akakipangusa kile kiatu cha kushoto, akakipiga kiwi haraka haraka na kukirudisha mahali pake. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya pili siku hizi, kazi isiyo na mshahara wala mapumziko: kumalizia upande wa kushoto wa mumewe.

Watu wote walimwita mumewe Kapteni. Aliendesha basi la wafanyakazi wa kiwanda cha vigae, basi refu la viti vingi, na alikuwa ameliendesha miaka mingi bila kumkwaruza hata kuku. Alijisifu hivyo, na hakuna aliyembishia. Halafu asubuhi moja akaamka maneno yamempinda mdomoni, uzito umemshika kichwani, akapelekwa hospitali mbio mbio. Alipotoka, mkono ulikuwa mzima, mguu mzima, ulimi umenyooka. Kila aliyekuja kumjulia hali alisema ana bahati huyu.

Lakini kabla hajaruhusiwa, daktari mwanamke mwenye sauti ya chini aliwaita wote wawili ofisini kwake, akafunga mlango.

"Baba, macho yako ni mazima," daktari alisema. "Kilichoumia ni ile sehemu ya ubongo inayopokea picha za upande wa kushoto. Kushoto huoni vizuri, na ubaya wake ni kwamba ubongo haukuambii kuwa huoni. Gari usiguse mpaka nikupime tena."

Kapteni alicheka. Alinyoosha shingo akamsomea daktari maandishi madogo kabisa ya kalenda iliyokuwa ukutani nyuma yake, mstari kwa mstari, mpaka jina la mchapaji. "Kipofu anasoma hivi, daktari?"

Walipofika kwenye korido alimshika mkewe bega. "Haya yanaishia humu humu. Kazini wanajua ni presha, na presha imeshuka. Umenisikia?"

Mama Gia alisikia. Akakaa kimya, na kimya hicho kikawa kama jiwe ndani ya kiatu, anatembea nalo kila aendako. Tangu wakati huo aliona mengi. Aliona mumewe akila chakula cha upande mmoja wa sahani na kulalamika kuwa amepunjwa. Aliona ndevu zilizonyolewa vizuri shavu la kulia na kuachwa kama shamba la mvivu shavu la kushoto. Alisikia bega lake likigonga fremu za milango, na kila likigonga yeye alishtuka kama amegongwa yeye. Wakitoka pamoja alihakikisha anatembea kushotoni kwake, na gari likija upande huo alimbana mkono. Kapteni alidhani ni mapenzi. Alianza hata kuwatania majirani: "Mnaona? Mke wangu amerudia uchumba."

Namba ya msimamizi wa gereji ya kiwanda anayo kwenye simu yake. Mara ngapi ameifungua, ameitazama, ameifunga! Akimpigia, Kapteni atajua ni nani aliyesema, kwa kuwa daktari ameyasema mbele ya mtu mmoja tu. Atasema mkewe amemkata mikono. Asipompigia, Jumatatu alfajiri basi lililojaa watoto wa watu litatoka getini na dereva asiyejua kuwa nusu ya barabara haipo. Alijipa muda mpaka Jumapili. Ikifika Jumapili, alijiambia, atapiga, liwalo na liwe. 

Ndiyo sababu Jumamosi ile, binti yao mdogo alipoingia chumba cha kushonea na maneno yake ya skrini, mama hakuwa na nguvu hata ya kugomba.

Binti huyo ndiye Gia mwenyewe. Jina alipewa na baba yake kwa sababu tangu mdogo, akibebwa ndani ya gari, mkono wake ulikuwa unatafuta gia. Sasa ni mwanamke mzima, fundi wa kubadilisha vioo vya magari, anayerudi nyumbani na vumbi la kioo likimetameta kwenye mikono ya ovaroli. Kwenye kona ya chumba cha mama alikuwa amejijengea kitu ambacho mama alikiita "gari lako lisilokwenda": kiti kilichong'olewa kwenye gari lililokufa, kimefungwa kwa nati juu ya fremu ya chuma, usukani mbele, pedali chini, na kompyuta. Usiku na mwisho wa wiki alishindana na watu wa miji ya mbali, kila mtu yuko kwake, magari yanakimbizana humo ndani ya skrini. Na alikuwa hodari. Hilo mama alilijua kwa jinsi alivyorusha ngumi hewani.

"Mama, leo nanunua tatu," Gia alisema. "Skrini tatu. Moja mbele, moja kulia, moja kushoto. Hii moja naona kama nachungulia kwenye dirisha la choo. Mtu akinipita pembeni simjui mpaka ameshanigonga."

"Tatu utaziweka wapi, kichwani kwangu? Hiki ni chumba cha kazi."

"Ukutani hapo, mama. Za inchi thelathini na mbili zinaenea."

Mama Gia alivuta futi ya kamba kutoka shingoni. Mwanamke aliyepima madirisha ya watu nusu ya maisha yake haambiwi kinachoenea ukutani. Akapima. "Inchi themanini na nane. Thelathini na mbili mara tatu ni tisini na sita. Hazienei."

"Mama, skrini haipimwi kama pazia."

"Inchi ni inchi."

"Inapimwa kona kwa kona. Mshazari."

"Nani mwenye akili anapima kitu mshazari?" Mama akavua miwani kumtazama vizuri. "Mimi nikimuuzia mtu pazia la mshazari atanirudishia na matusi juu."

Kapteni alikuwa amesimama mlangoni. Wote wawili hawakumsikia akija. Uso wake ulikuwa umechangamka kuliko mama alivyouona tangu hospitali.

"Mnanunua vioo vya gari bila dereva?" alisema. "Nani kati yenu anajua dereva anahitaji kuona nini? Gia, lete ovakoti langu. Naenda nanyi."

Mama alitaka kusema ana kazi ya mteja. Lakini akamwona tayari ameshavaa mkono wa kulia wa ovakoti, mkono wa kushoto unaning'inia mgongoni, na yeye anashangaa kwa nini halikai vizuri. Akaweka mkasi chini. Akamvalisha. Akaenda.

Duka lilikuwa jembamba na refu, limepangwa maboksi mpaka darini, linanuka plastiki mpya. Muuzaji alikuwa mtu wa makamo mwenye miwani aliyoipandisha utosini kisha akaanza kuitafuta mezani.

"Iko kichwani, mzee," Gia alimwambia.

"Ahsante, binti. Hivi ndivyo ninavyopoteza wateja." Akaishusha puani. "Mnataka nini? Ya sinema, ya ofisi?"

"Za mashindano ya magari. Tatu."

Uso wa muuzaji ukafunguka kama mtu aliyetajiwa timu yake. Alianza kuwaonyesha. Kulikuwa na zilizopinda kama pazia lililosukumwa na upepo, kulikuwa na bapa. Kulikuwa na zinazobadilisha picha mara nyingi sana kwa sekunde, na zingine goigoi, gari likipita linaacha kivuli nyuma yake. Gia aliuliza maswali ambayo mama hakuyaelewa, akajibiwa majibu ambayo hakuyaelewa zaidi. Alichoelewa ni kwamba skrini zenye picha kali kupita kiasi zingeilemea kompyuta ya binti yake, maana kuchora picha moja ni kazi, na kuchora tatu kwa pamoja ni kazi mara tatu. Hilo lilimwingia. Yeye mwenyewe alijua kulemewa.

Hata hivyo suala la inchi lilikuwa bado linamkereketa. Muuzaji alipogeuka, alitoa futi ya kamba mkobani na kuilaza juu ya skrini iliyoandikwa thelathini na mbili, upande hadi upande. Ishirini na nane. Akairudia. Ishirini na nane.

"Hii mmeikata," alimwambia muuzaji.

"Sijaikata, mama yangu." Muuzaji alichukua ncha ya futi kwa vidole viwili, kwa adabu, akaivuta kutoka kona ya juu mpaka kona ya chini ya upande wa pili. Thelathini na mbili kamili. "Ndivyo dunia inavyopima."

"Basi dunia inadanganya," alisema mama, na watu wawili waliokuwa wakichagua spika wakacheka. Kapteni alicheka kuliko wote, akajipiga paja. "Msimcheke mke wangu! Huyu akikupimia suruali, utapenda akupimie mshazari?" Hata mama akacheka. Kicheko kilimtoka kikavu, kama kikohozi, na akashangaa kusikia kuwa bado kipo. Ishirini na nane mara tatu ni themanini na nne. Ukuta unatosha na nafasi inabaki. Gia alimtazama, akatabasamu.

Kisha muuzaji akakuna kichwa. Za aina moja zilikuwa zimebaki mbili dukani. Ya tatu angewapa ya aina nyingine, inchi zile zile, ila ukingo wake mnene kidogo na rangi zake zimeegemea njano. "Mtaiweka pembeni," alisema. "Pembeni nani anaangalia? Jicho liko mbele."

Gia alikuwa anataka kukubali. Alikuwa na haraka ya mtu aliyesubiri muda mrefu. Lakini Kapteni alinyoosha kidole.

"Pembeni nani anaangalia? Wewe hujawahi kubeba watu." Sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya mtu mwenye abiria nyuma. "Kinachokuja mbele kila mtu anakiona, hata mlevi anakiona. Dereva anauawa na kinachotoka pembeni. Na huo ukingo mnene? Mhimili wa kioo cha basi, ile nguzo ya pembeni, unene wa mkono wangu tu huu, unaficha mtu na baiskeli yake nzima. Tatu za aina moja. Rangi moja, ukingo mwembamba, mwendo mmoja. Vinginevyo mwanangu anabaki na pesa yake, tunaondoka."

 Gia alimtazama baba yake kwa macho ya mtoto mdogo, yamejaa fahari. Mama alitazama sakafu. Maneno yalikuwa ya kweli tupu, na yametoka kwenye mdomo wa mtu ambaye, dakika chache tu nyuma, alikuwa amempita mwanamke mwenye mtoto mgongoni karibu amwangushe, kwa sababu mwanamke huyo alikuwa kushoto kwake. Mama ndiye aliyeomba radhi.

Muuzaji alipiga simu, ya tatu ikaletwa kutoka stoo yake ya mtaa wa pili. Zote tatu za thelathini na mbili, bapa, mapacha watatu ndani ya maboksi.

Nyumbani walisogeza meza ya kukatia nguo. Gia alifunga vishikio ukutani, akaunganisha waya, akazipinda skrini za pembeni zimkumbatie anayekaa kitini. Mama ndiye aliyeshika futi, ili ya kulia na ya kushoto zipinde sawasawa, na safari hii hakubishana na mtu. Zilipowaka zote kwa pamoja chumba kilibadilika. Barabara ya lami ikajitandaza mbele, uzio ukapita kulia, miti ikapita kushoto, na mabunda ya mapazia ya wateja yakapata rangi ya anga la buluu.

"Baba, wewe kwanza," alisema Gia.

Kapteni alijifanya hataki. "Michezo ya watoto hii." Alikuwa ameshakaa.

Akiwa peke yake barabarani, aliendesha kwa raha. Mama alikuwa hajaiona mikono yake ikitulia hivyo kwa muda mrefu. Alikanyaga breki mapema, akaachia usukani urudi wenyewe, akanung'unika na gari kama alivyonung'unika na basi lake: "Twende, mama, twende, usiogope." Gia alipiga makofi. Mama alishika kitasa cha mlango akahisi kitu kama tumaini, tumaini baya, lile linalosema pengine daktari amekosea.

"Sasa nakuwekea wenzako," alisema Gia. Magari mengine yakatokea, rangi rangi.

Kona ya kwanza tu, kishindo. Gari la Kapteni likazunguka kama pia.

"Huyu ametoka wapi?"

"Alikuwa kushoto kwako, baba. Muda wote."

"Hakuwepo."

Wakaanza upya. Wa kulia aliwakwepa kwa ustadi, akiwacheka. Wa kushoto walimgonga, au yeye aliwagonga, kila mara kwa mshangao ule ule, kama mtu anayemwagiwa maji kutoka dirishani. Mara ya nne alipiga usukani kwa kiganja.

"Skrini ya kushoto ni mbovu. Inachelewa. Gari halipo, halafu ghafla lipo tayari limenilalia. Yule mwenye miwani utosini ametuuzia kitu kibovu!"

Gia alichungulia skrini ya kushoto. Ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa. Alifungua mdomo aseme, akamgeukia mama yake, na alichokiona usoni mwa mama kikamfanya aufunge. Yeye hakuwepo ofisini kwa daktari. Hakuna aliyemwambia.

"Tusilumbane," Kapteni alisema, amenyanyuka kitini, ameshika kiuno. "Gereji tuna utaratibu. Taa ya kushoto ikizima, huanzi kufumua waya. Unachukua balbu ya kushoto unaipeleka kulia, ya kulia unaileta kushoto. Ubaya ukihama na balbu, balbu ndiyo mbovu. Ubaya ukibaki palepale, tatizo liko nyuma yake. Ndiyo maana nilitaka za aina moja. Hamisha."

"Baba..."

"Hamisha, nimesema."

Mama alitaka kumzuia.  Alibaki pale mlangoni, na Gia akafungua nati moja moja, akaibeba ya kushoto akaifunga kulia, ya kulia akaifunga kushoto. Zilikuwa mapacha, hata yeye mwenyewe alilazimika kubandika kipande cha utepe ili asichanganye. Kapteni akakaa. Akaendesha. Skrini ile aliyoiita mbovu sasa ilikuwa kulia kwake, na kulia aliona kila kitu, mpaka namba zilizochorwa kwenye milango ya magari. Kisha kishindo, kutoka kushoto.

"Waya," alisema. Sauti ilikuwa imeshuka.

Gia akabadilisha waya. Kishindo, kutoka kushoto.

Kapteni hakupiga usukani. Alikaa mikono yote miwili imeushika, anatazama mbele, gari lake limesimama limegeukia lilikotoka na mengine yanalipita. Alikuwa mtu wa gereji. Utaratibu alioufuata aliuamini kuliko daktari, kuliko mkewe, kuliko dini pengine, na utaratibu ulikuwa umeshamaliza kusema. Ubaya haukuhama na skrini. Haukuhama na waya. Taratibu, kama mtu anayetafuta swichi gizani, alinyoosha mkono wa kushoto kuelekea ile skrini, akaigusa kwa vidole, akageuza kichwa chote kuufuata mkono. Hapo ndipo alipoiona. Miti ilikuwa inapita ndani yake, mizuri, ya kijani. Akarudisha kichwa mbele. Akageuza tena. Mbele. Tena.

"Gia," alisema. "Nenda kanunue maji."

"Maji yapo, baba."

"Nenda kanunue."

Gia akaenda. Mama alisogea mpaka kwenye kiti, akasimama kulia kwake, mahali anapoonekana.

"Ulikuwa unajua," alisema Kapteni. Hakuwa anauliza.

"Daktari alikuambia mbele yangu."

"Daktari simuulizi. Wewe."

"Nilikuwa najua, Baba Gia. Kila siku. Ndevu zako najua, mashati yako najua." Alishika mgongo wa kiti. "Na kesho nilikuwa nimpigie msimamizi wako. Nilishakata shauri. Unaweza kunikasirikia sasa hivi, nimechoka, sina hata nguvu ya kukimbia."

 Feni ya kompyuta ilivuma. Mama alingoja gadhabu ije, akajiandaa kuipokea kama alivyojiandaa kila siku tangu hospitali, mabega yamepanda juu. Haikuja. Mumewe alikuwa amepauka, na kwa mara ya kwanza alionekana mgonjwa.

"Pale kwenye makutano ya karibu na kiwanda," alisema mwishowe, "wale wanafunzi wa asubuhi huvukia kushoto."

Mama alimwekea mkono begani. 

"Usimpigie wewe. Ukipiga wewe nitakuwa nimesemewa kama mtoto." Akatoa simu mfukoni, akaishika mbali na uso, upande wa kulia, akatafuta jina. Msimamizi alipopokea, Kapteni alimsalimia kwa kirefu, akaulizia watoto, akaulizia lile basi bovu la namba tatu kama limepata gia boksi. Mama alidhani ameghairi. Kisha akasema, bila kubadilisha sauti, "Sikia, mkubwa. Jumatatu siji. Nilikuambia presha. Haikuwa presha peke yake. Upande wa kushoto sioni. Eeh. Sioni. Mpe basi yule mwenzangu mfupi, ila mwambie breki zake zinashika kuchelewa zikiwa na maji." Akasikiliza. "Hapana, si kwa muda mfupi. Sijui. Daktari atanipima tena. Eeh. Eeh. Haya, mkubwa."

Akaweka simu pajani, uso chini.

Mama alikuwa amedhani siku hii ikifika angepiga magoti, au angelia, au kifua kingefunguka kama dirisha. Hakuna kilichofunguka. Alihisi miguu tu. Ilikuwa inauma kuanzia nyayo mpaka kiunoni, kama vile imemngoja apate nafasi ya kuisikia. Wakati huo huo akaanza kufikiri: bila basi kutakuwaje, mapazia yatashonwa mangapi ili yatoshe, na huyu mwanamume atakaa nyumbani akitazama nini. Yote hayo yalikuwa yamesimama mlangoni kwa zamu, yanangoja kuingia. Lakini Jumatatu lile basi halitatoka na mumewe usukanini. Hilo limekwisha.

"Usinifiche tena kitu," alisema Kapteni.

"Na wewe usiniambie tena nifiche."

"Sawa."

Gia alirudi na chupa ya maji ambayo hakuna aliyeitaka. Alitazama huyu, akatazama yule. Baba yake akanyanyuka kitini kwa kujishikilia, akampisha.

"Kaa. Na baadaye mama yako ana la kukueleza, au nitakueleza mimi. Kwanza nikuone unavyoendesha, maana kelele zako za usiku nazisikia, mwendo wako sijawahi kuuona."

Gia akakaa, macho mekundu, akaendesha. Kapteni aliburuta kigoda akakiweka upande wa kushoto wa kiti cha binti yake, ili skrini zote ziwe kulia kwake, akaegemea mbele.

Mama Gia aliwaacha. Aliingia chumbani, jua la mchana bado kali dirishani, pazia la mteja halijamalizika, sufuria hazijaoshwa, akajilaza juu ya kitanda na kanga yake na ndala zake miguuni. Kupitia ukutani alimsikia mumewe akifoka, "Breki! Mapema, mapema! Unangoja barua?" na binti akijibu, "Baba, mimi ndiye dereva, tulia!" Alitaka kuvua ndala. Usingizi ulimchukua kabla hajazifikia.